Vitabu Vitano vya Shemeji Yangu

Shemeji yangu alifungwa mwaka mmoja na miezi minne kwa sababu ya vitabu vitano, na saini iliyomfunga ilikuwa yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu Garissa ambao mpaka leo husimulia kwamba alikamatwa na bunduki. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na sanduku la bati, na ndani yake mlikuwa na kanzu yake ya Idi, shuka mbili za dada yangu, na vitabu vya mwanafikra mmoja wa Ulaya, mjamaa wa siasa za mapinduzi, aliyekufa kabla ya baba zetu kuzaliwa. Jina la mzee huyo silitaji hapa. Lilitajwa vya kutosha na watu ambao hata kulitamka hawakuweza.

Wakati huo mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani katika ofisi moja ya serikali pale mjini. Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa barua, kupanga majalada na kufasiri. Maofisa wengi walitoka mikoa mingine na hawakujua Kisomali. Wazee waliokuja kulalamika hawakujua Kiingereza, na Kiswahili chao kilikuwa cha kuuzia mbuzi tu. Nilisimama katikati nikipokea matusi ya pande zote mbili, kisha nikiyapunguza makali kabla ya kuyapitisha.

Malalamiko yenyewe yalikuwa ya haki. Vita vya mkoa wetu kutaka kujitenga na Kenya vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu, na serikali ilikuwa imeshaamua kwamba kila mwenye mifugo ni shifta, yaani mwasi wa porini, mpaka athibitishe vinginevyo. Mama yangu, mjane, alinyang'anywa ng'ombe wake wote kwa sababu walikunywa maji kwenye kisima ambacho siku mbili kabla mashifta walikuwa wamekitumia. Ng'ombe hawakuulizwa ni upande gani. Watu wa malishoni, mama akiwa mmoja wao, walisombwa wakawekwa katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, na aliyekutwa nje yake alikuwa adui. Sisi wa mjini tulikuwa na kafyu na vipande vya utambulisho, na tulijiona tuna bahati.

Shemeji alikuwa mume wa dada yangu mkubwa, mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi. Alikuwa mtu mwembamba, mrefu, mwenye kucheka mzaha wake mwenyewe kabla hajaumaliza. Vitabu hivyo alivinunua Nairobi alipokuwa chuo cha ualimu, mchana kweupe, katika duka la vitabu lililovipanga dirishani jirani na vitabu vya mapishi. Kila kimoja kilikuwa na muhuri wa duka kwenye ukurasa wa kwanza. Vitatu viliandikwa na mzee mwenyewe, na viwili viliandikwa na watu wengine kumhusu.

Kila siku baada ya swala ya alasiri shemeji aliketi kwenye kivuli cha ukuta, kitabu kimoja magotini na penseli sikioni, akibishana na kurasa. Alitikisa kichwa, alicheka, mara nyingine aliguna kama mtu aliyetukanwa. Kisha aliandika pembeni mwa ukurasa. Dada yangu aliwaambia majirani, "Mume wangu ana mke wa pili, naye ana ndevu."

Hakuna aliyempenda kwa ajili ya vitabu hivyo. Mwalimu wa madrasa alimwambia kwamba mtu yule alimkana Mungu. Shemeji akajibu kwa heshima, "Sheikh, yeye namsikiliza anaposema habari za kazi na mshahara. Habari za Mungu nakusikiliza wewe." Vijana waliokuwa wakiwaunga mkono mashifta walimwona msaliti, kwa sababu alisema waziwazi kwamba vita vile vingewamaliza wafugaji na kuwaacha wakubwa wa pande zote wakiwa na magari yao. Na ofisini kwetu hakupendwa kwa sababu alisema waziwazi pia kwamba kumnyang'anya mjane ng'ombe ni wizi hata kama mwizi amevaa sare. Nilimwomba achague upande mmoja wa kukosana nao. Alinicheka.

Siku moja kabla hawajamkamata, lori la jeshi lilikanyaga bomu lililozikwa kwenye barabara ya kaskazini. Asubuhi iliyofuata askari waliingia mtaani kwetu kusaka nyumba kwa nyumba, na mimi nikachukuliwa kwenda kufasiri. Ndivyo nilivyojikuta nimesimama katika ua wa dada yangu mwenyewe, nikimwambia kwa Kisomali mambo ambayo alikuwa akiyaona kwa macho: kwamba wanataka kuingia, kwamba asimame ukutani, kwamba sanduku lifunguliwe.

Askari mmoja alitupa kanzu na shuka mchangani, akakitoa kitabu kilichokuwa na picha ya mzee jaladani.

"Huyu nani?" aliuliza, akiigonga picha kwa kidole.

"Ni mwandishi," shemeji alijibu kwa Kiswahili.

"Yuko wapi sasa?"

"Amekufa."

"Aliuawa wapi? Upande wa Wajir?"

Shemeji alicheka. Nilimfahamu, sikushangaa, kicheko kilimtoka kama kikohozi. Lakini askari hakumfahamu, na wiki nzima hiyo alikuwa akizika wenzake. Alimpiga kwa kitako cha bunduki shavuni, na shemeji akaangukia juu ya shuka. Dada yangu alinitazama mimi, hakumtazama askari. Nilikuwa nimeshika daftari langu la ofisi.

Vitabu vilipelekwa kwa afisa wa usalama aliyekuwa ameletwa Garissa kwa muda tu. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye kupiga pasi suruali yake hata siku za vumbi jingi. Alivipanga mezani, akavifungua kimoja kimoja, na alipofika kwenye maandishi ya penseli alisimama.

Inafaa nieleze. Siku hizo Kisomali hakikuwa na maandishi rasmi. Aliyetaka kukiandika alikiandika anavyojua, na shemeji alijibunia njia yake kwa herufi za Kizungu, akirundika irabu na kuweka vistari mahali ambapo mwingine asingeweka. Afisa aliona msimbo.

"Hii lugha ya siri," alisema. "Isome."

Niliisoma. Ukurasa mmoja ulisema: hapana, hapana, rudia hesabu. Mwingine ulisema: chumvi, sabuni, muulize mama dawa ya mtoto. Katika sura moja ya kitabu cha pili paliandikwa: huyu mzee hajui ngamia.

"Ngamia ni nini?"

"Ni ngamia, bwana."

"Najua ngamia ni nini. Hapa ina maana gani?"

"Ina maana mwandishi hajui habari za ngamia."

Aliandika kitu kwenye karatasi yake. Baadaye niliona alichoandika: *ngamia, yawezekana silaha nzito.*

Nilimwambia siku hiyohiyo kwamba mshukiwa ni mume wa dada yangu. Nilidhani angenitoa katika kazi ile. Akasema, "Vizuri. Utasoma kwa makini zaidi." Akanipa siku nane nivisome vyote vitano na kuandika taarifa ya yaliyomo.

Kwa hiyo nikalipwa na serikali kusoma vitabu ambavyo serikali hiyohiyo ilimfunga mtu kwa kuvisoma. Jambo hilo halikumchekesha yeyote ofisini. Na kitu kilichonikera zaidi ni kwamba kule Nairobi, redioni, viongozi walikuwa wakilitumia neno ujamaa kila juma, wakisema nchi yetu itaujenga wa kwake. Neno hilo likitamkwa na mwenye tai lilikuwa sera. Likikutwa katika sanduku la bati huko Garissa lilikuwa uasi.

Nilisoma. Kiingereza changu kilikuwa cha barua za ofisi, na mwanzoni nilipotea. Lakini kufikia siku ya tatu nilianza kumsikia mtu akisema. Kitabu cha kwanza kilieleza jinsi jasho la mfanyakazi linavyogeuka kuwa nyumba ya mwingine. Cha pili kilihusu ardhi, na humo ndimo mlimokuwa na sura ya wafugaji, ambayo nitairudia. Cha tatu kilikuwa barua alizoandika akiwa gerezani na uhamishoni: anaomba soksi, anauliza kama kikohozi cha mtoto kimepoa, anamtukana mchapishaji. Cha nne kiliandikwa na rafiki yake, kimejaa sifa. Cha tano kiliandikwa na adui yake. Huyo adui alimchukia kwa moyo wote, na kila baada ya kurasa chache alimsingizia kwamba alitaka damu imwagike na serikali zote zibomolewe.

Ile sura ya wafugaji ilinikasirisha mno. Mzee yule aliyemlilia mfanyakazi wa kiwandani aliandika kwamba watu wanaohama na mifugo wamebaki nyuma ya historia, na kwamba lazima watulizwe mahali pamoja, wapende wasipende, ndipo waingie katika dunia ya wenzao. Nilikisoma hicho nikiwa nimekaa mwendo mfupi tu kutoka kwenye seng'enge. Mtu anayefungwa kwa ajili ya kitabu angalau kitabu kingemtetea. Hiki kilikubaliana na aliyemfunga.

Niliandika kurasa kumi na moja. Nilieleza kila kitabu kwa haki nilivyoweza. Niliandika kwamba hakuna mahali Kenya inapotajwa, wala Wasomali, wala bunduki. Niliandika kwamba kitabu cha tano ni cha adui na maneno yake yasihesabiwe kuwa ya mwandishi, sembuse ya msomaji. Niliandika pia habari ya muhuri wa duka.

Siku mbili baadaye afisa aliniita. Kurasa zangu kumi na moja zilikuwa zimekuwa nusu ukurasa, zimepigwa chapa upya, na chini kulikuwa na nafasi ya saini ya mfasiri. Sentensi sita. Nne kati yake zilitoka katika kitabu cha tano.

"Bwana, haya ni maneno ya mtu aliyempinga," nilisema. "Nimeeleza kwenye taarifa."

"Yamo kitabuni au hayamo?"

"Yamo, lakini..."

"Kitabu kilikutwa kwake au hakikukutwa?"

"Kilikutwa."

"Basi." Alinisogezea kalamu. Nilipokuwa bado nimesimama, akaongeza kwa sauti yake ya chini, "Mama yako ameandikishwa kijiji gani?"

Alikijua kijiji. Jalada lilikuwa wazi mbele yake. Nikatia saini.

Nimejiambia mengi tangu siku ile. Kwamba wangepata mfasiri mwingine, kwamba wangemfunga hata bila karatasi, kwa kuwa sheria ya mkoa wetu iliwaruhusu kumzuia mtu bila kumpeleka mbele ya hakimu. Yote ni kweli, na hayajawahi kunisaidia.

Shemeji alipelekwa gereza la mbali, upande wa magharibi mwa nchi, mahali ambapo hakuna ndugu ambaye angeweza kumtembelea. Dada yangu, ambaye hakuwahi kuingia darasani, alianza kuja ofisini kila asubuhi akiwa na mtoto mgongoni. Aliketi nje ya mlango juani. Mwisho afisa alichoka kumpita, akasimama.

"Unataka nini, mama?"

Dada alisimama, akajikusanyia Kiswahili chake chote. "Bwana mkubwa, mume yangu nasoma tu. Kitabu nabiga risasi? Nyinyi nabeba kitabu ile, mpaka sasa imeua nani?"

Afisa aliniangalia nifasiri. Haikuhitajika, lakini nilifasiri neno kwa neno, kwa Kiswahili safi, na polepole. Hicho ndicho kitu pekee nilichofanya mwezi ule ambacho sikionei haya. Akasema suala liko mikononi mwa wakubwa, akaingia ndani.

Dada akanigeukia. "Wanasema kuna karatasi. Nani aliiandika?"

Nilimwambia. Sikumficha neno, hata lile la kijiji cha mama. Alinisikiliza, akamfunga mtoto vizuri, akasema, "Wakati ule wewe ndiye uliyekuwa na kalamu." Alikaa miezi mitano bila kunisemesha.

Alipovunja kimya alivunja kwa swali. Tulikuwa kwenye foleni ya maji, mimi nikiwa nimekwenda kumsaidia kubeba madebe, na alikubali bila kunitazama. "Niambie," alisema, "mlikuwa na nini humo ndani?" Hakuna mtu aliyewahi kumweleza. Mumewe alijaribu mara nyingi lakini alikuwa akicheka na kurukaruka. Mimi nilimweleza taratibu, foleni baada ya foleni, kitabu baada ya kitabu. Wanawake wa mbele na wa nyuma wakawa wanasikiliza.

Habari za kazi na mshahara alizikubali mara moja, akashangaa kwamba ilihitajika kitabu kizima. Sura ya wafugaji ilipofika alitema mate pembeni. Lakini kilichomkasirisha kuliko vyote ni barua.

"Miaka yote hiyo aliyokuwa gerezani na uhamishoni," aliuliza, "mke wake alikula nini?"

"Kitabu hakisemi."

"Na huyo rafiki aliyemwandikia sifa?"

"Naye hasemi."

"Basi hao wote hawajaandika kitu," dada alisema, akainua debe lake.

Baada ya mazungumzo hayo niliandika barua kwenda makao makuu. Nilieleza kwamba taarifa iliyotumika si ile niliyoandika, na nikarudia kwa kumbukumbu kurasa zangu kumi na moja. Nilitia jina langu kamili na cheo changu. Jibu la barua halikuja kamwe. Lililokuja ni agizo kwamba ofisi haihitaji tena huduma zangu. Amu yangu alinipa nafasi dukani kwake nikawa napima sukari na majani ya chai, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikawa nalala vizuri.

Vita vilipoelekea kwisha, mwishoni mwa mwaka wa sitini na saba, walianza kuwaachia watu kidogo kidogo. Shemeji aliteremshwa na lori karibu na daraja la Tana mchana mmoja. Aliondoka mwembamba, akarudi mfupa. Meno mawili ya upande ule wa shavu hayakuwepo, na mguu mmoja aliuburuta. Watoto wake walimkimbia.

Nilimwacha siku moja apumzike, kisha nikaenda. Njiani nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, kwa Kisomali cha heshima kama mtu anayekwenda kutoa diya, fidia ya damu. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta, mikono mitupu. Nikaanza. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Nimeambiwa ulivisoma," alisema. "Vyote vitano?"

"Vyote."

"Na ile sura ya wafugaji?"

"Ni upuuzi mtupu," nilisema.

Uso wake wote ukafunguka. Akasema la, si mtupu, kuna jambo moja mle ambalo mzee aliliona sawasawa, tatizo ni kwamba alilipima kwa mashamba ya kwao. Nikambishia. Akanibishia. Tulibishana mpaka tukasahau swala imeingia. Miaka yote ile alikuwa na vitabu hivyo, hakuwahi kupata Garissa nzima mtu aliyevisoma wa kubishana naye, na sasa alikuwa amempata. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira kuliko nilivyokwenda. Ningeweza kukaa naye kivulini pale toka mwanzo, bure, bila mtu kupoteza jino. Hakuna aliyetukataza ila uvivu wangu.

Vitabu vyenyewe havikurudi. Alikwenda kuviulizia akaambiwa viliharibiwa kwa mujibu wa taratibu. Aliuliza taratibu gani. Hakuna aliyejua.

Kisha akaomba kazi yake. Hapo ndipo walipomletea karatasi nyingine ya kutia saini. Ilisema kwamba anajutia kuwa na maandishi ya uchochezi, na kwamba hatasoma tena ya aina hiyo. Akisaini, Jumatatu anaingia darasani.

Dada alimwambia asaini. Alisema hivyo mbele yangu, bila kuona haya: watoto wanne, mume mgonjwa, maneno ni maneno. "Kama mkono unakutetemeka," alimwambia, "huyu ndugu yangu atakusaidia, ana mazoezi." Nilistahili.

Shemeji aliisoma karatasi mara mbili. Akaitoa penseli sikioni, akasahihisha kosa moja la Kiingereza katika mstari wa tatu, akairudisha ofisini bila saini.

Dada alimnunia wiki nzima, kisha akaenda sokoni akafungua meza ya kuuza chai na maziwa, naye mumewe akawa anamsaidia kuosha vikombe. Hakufundisha tena mpaka alipofariki. Wanafunzi wake wa zamani walipopita walimwamkia "mwalimu," na aliwaitikia akiwa na kikombe mkononi.

Na shuleni, darasa lake lilikaa karibu miaka miwili bila mwalimu wa hesabu. Waliletwa watu kutoka nje, wengine walikaa mwezi, wengine walishuka kwenye gari, wakaangalia jua, wakapanda tena. Watoto wale walikuwa arobaini na kitu. Walipofanya mtihani wa kumaliza wengi walianguka, na katika taarifa ya mwaka, iliyopigwa chapa na karani aliyechukua kiti changu, sababu iliyotolewa ni kwamba watu wa mkoa huu hawapendi kusoma.